Belti ya injini: ikaguliwe lini, ibadilishwe lini, na kwa nini majibu ya mafundi hayafanani

Ukiuliza gereji yoyote belti ya injini inabadilishwa baada ya kilomita ngapi utapata majibu ya kila aina. Mmoja anasema elfu sitini, mwingine laki moja, mwingine anakwambia hiyo mpaka ikatike, halafu kuna yule anayekwambia kwa kujiamini kabisa gari yako haina belti, ni cheni, we endesha tu. Na wengi wao wala hawakudanganyi, ni kwamba kila mtu anaongelea belti yake. Kuna belti ya nje na kuna ya ndani, hazifanyi kazi moja, hazina umri mmoja, na zikikatika hasara zake ni tofauti kabisa. Ukishachanganya hapo basi kila ushauri utakaopewa baadae utaenda sipo.

Tuanze na ya nje maana karibu kila gari inayo na ndio inasahaulika kuliko zote. Fungua boneti uangalie ubavuni mwa injini, kwenye Toyota ndogo nyingi iko upande wa dereva, utaona mkanda mweusi umezunguka puli kadhaa. Wengi tunaiita feni belti mpaka leo japo kwenye gari ndogo feni ya rejeta siku hizi inazungushwa na mota ya umeme. Mkanda huu unachukua nguvu kwenye puli ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, na kuzigawa kwa alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC, pampu ya pawa stiringi kama gari yako bado inatumia ile ya mafuta, na kwenye injini nyingi unazungusha pia wota pampu. Hapo kwenye wota pampu naomba tusimame kidogo.

Chukua injini ya 1NZ-FE, ambayo iko kwenye IST, Vitz, Raum, Probox, Fielder na ndugu zao wengine, yaani ukisimama dakika kumi barabarani Dar umeshaziona za kutosha. Injini hii taimingi yake, yaani ile kazi ya belti ya ndani, inafanywa na cheni, kwa hiyo mtu anayesema "gari yangu ni ya cheni" yuko sahihi kabisa. Ila alteneta na wota pampu yake zote zinazungushwa na mkanda mmoja wa nje. Mkanda ukikatika kitu cha kwanza kuwaka kwenye dashibodi ni taa nyekundu ya betri, na dereva anaiona vizuri tu, anajisemea ah, betri, nitaangalia nikifika. Wakati huo maji yameshaacha kuzunguka kwenye injini. Kama yuko foleni ya Mbagala au ndio anaanza kupanda Kitonga, ndani ya dakika chache injini inachemsha, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji na oili vinachanganyika, na hapo hatuongelei tena mkanda, tunaongelea kushusha hedi na pengine kutafuta injini nyingine. Zaidi ya hapo baadhi ya gari ndogo, Vitz mojawapo, hazina mshale wa temperecha, zina taa tu, ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu ikishachemka, kwa hiyo hauna nafasi ya kuona mshale unapanda taratibu ukashtuka mapema. Ndio maana nasema taa ya betri ikiwaka gari ikiwa inatembea, paki pembeni, zima, fungua boneti uangalie mkanda kama upo. Kama upo na unazunguka vizuri basi ni alteneta au waya, unaweza kujipanga. Kama haupo, usiwashe tena.

Sasa ya ndani, taiming belti. Hii ina meno, imefichwa nyuma ya kava la plastiki, na kazi yake ni kuunganisha kranki na kamshafti ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, kranki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja, haitakiwi kuruka hata jino moja. Hii ikikatika injini inazima hapo hapo. Kwenye injini zinazosamehe, mfano 4A-FE ya Corolla za zamani au 3S-FE ya Ipsum na RAV4 za mwanzo, unavutwa mpaka gereji unafunga mpya unaendelea na maisha. Kwenye injini zisizosamehe pistoni inapanda inakuta valvu bado iko wazi, inaipiga, valvu inapinda. EJ20 nyingi za Subaru, zile za Forester, Impreza na Legacy kabla Subaru hawajahamia FB20 ya cheni, ziko kundi hili, na dizeli karibu zote ziko kundi hili kwa sababu nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno.

Kwa taiming belti jibu la kilomita lipo na ni la kufuata bila ubishi: namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Kwa Toyota na Subaru nyingi zinazoletwa kutoka Japan ni kilomita 100,000. Land Cruiser zenye 1HZ wamefika mpaka kuweka taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT, inawaka kilomita 100,000 zikitimia kukukumbusha, haina maana kwamba belti imekatika wala gari imeharibika. Nimeshaona taa hiyo inazimwa na mtu anayejua kuzima taa, belti yenyewe haijaguswa, halafu gari inauzwa. Ukinunua gari ya namna hiyo omba ushahidi wa belti yenyewe, taa kutowaka siyo ushahidi.

Na hapa kuna kitu kizuri wengi hawakijui. Wajapani wakibadilisha taiming belti huwa wanabandika stika, mara nyingi kwenye kava la belti au sehemu nyingine humo kwenye boneti, imeandikwa tarehe na kilomita za siku hiyo. Tarehe inaweza kuwa ya kalenda yao, ukiona mwaka 25 usishangae, ni mwaka wa 25 wa Heisei ambao ni 2013, unachukua namba unajumlisha 1988. Kuanzia Mei 2019 wameanza Reiwa, kwa hiyo Reiwa 3 ni 2021, hapo unajumlisha 2018. Ukiikuta stika hiyo piga picha kabla fundi hajaosha injini. Na ukikuta stika inasema belti ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000 wakati dashibodi inakuonyesha 74,000, hapo umejifunza jambo lingine kabisa kuhusu hiyo gari.

Usipokuta stika wala kitabu cha sevisi, mimi sioni haja ya kubahatisha. Gari ya taiming belti imetoka bandarini historia haijulikani, funga mpya, pamoja na tenshena (kikazio cha belti), puli zake na oili sili zilizo karibu. Kama ni injini ambayo wota pampu inazungushwa na taiming belti, kama hiyo 3S-FE au EJ20, badilisha na pampu kabisa, kwa sababu kazi kubwa ni kufungua, na pampu ikivuja baada ya miezi sita unalipa ufundi ule ule mara ya pili. Kwa taiming belti hayo yanatosha, haihitaji falsafa nyingi. Turudi ya nje maana ndio yenye utata.

Ushauri ambao wote tumekua nao ni kwamba angalia mkanda kama una nyufa, ukiwa na nyufa toa. Ulikuwa ushauri sahihi kwa mikanda ya zamani ya neoprini. Ile ilikuwa inakauka na joto, inapasuka kwenye mbavu, na kipimo cha mafundi kilikuwa ukihesabu nyufa tatu ndani ya urefu wa sentimita 7 hivi basi mkanda umeisha. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuhamia kwenye mpira mwingine unaitwa EPDM, na siku hizi mikanda karibu yote yenye ubora ni ya huo. EPDM inavumilia joto vizuri sana, inaweza kuzeeka kabisa isionyeshe ufa hata mmoja. Yenyewe inaisha kama tairi, inalika taratibu, inapoteza mpira kidogo kidogo mpaka mbavu zinakuwa nyembamba. Kwa hiyo fundi anachungulia juu juu, anaona mweusi safi hauna nyufa, anakwambia huu bado mzima kabisa, kumbe umeshakwisha siku nyingi. Na ukiona ufa kwenye EPDM basi hata mmoja unatosha, maana umechelewa sana.

Kulika kuna shida gani kama haukatiki? Angalia jinsi mkanda unavyoshika. Mbavu zake zina umbo la V na zinaingia kwenye mifereji ya puli, na zinashika kwa kubana ubavuni, kitako cha mfereji hakitakiwi kugusa. Mpira ukilika, ile mifereji ya kwenye mkanda inapanuka inakuwa kama U, mkanda unazama chini zaidi, ncha za puli zinafika mpaka kwenye kitako, na kule kubana kunapotea. Mkanda unaanza kuteleza. Ukiteleza unapata joto, joto linaula zaidi, alteneta inazunguka pungufu betri haijai, wota pampu inazunguka pungufu, AC ndio inaanza kupoa vibaya kwenye foleni. Unaweza kubadilisha betri, unaweza kujaza gesi ya AC, hela zinatoka, na mwenye kosa ni kamkanda ka bei ndogo kuliko vyote hivyo.

Kukagua ni rahisi na unaweza kufanya mwenyewe. Zima gari, toa funguo kabisa uweke mfukoni, subiri injini ipoe. Chukua tochi ya simu. Tafuta sehemu ambayo mkanda unaonekana upande wa mbavu, uukunje kidogo kwa vidole uangalie. Pitisha ukucha kwenye mfereji mmoja, mkanda mpya ukucha unaingia na kukwama kwenye kona kali, uliolika unahisi mviringo na uwazi mpana. Kuna vigeji vidogo vya plastiki vinatengenezwa na kampuni za mikanda kwa kazi hii, unakiweka kwenye mfereji, kikizama chini ya mbavu basi umekwisha, ila kama huna, njia nzuri zaidi ni kumuomba muuza spea mkanda mpya wa namba ile ile uuweke karibu na wako, tofauti utaiona kwa macho bila kuambiwa. Angalia pia pembeni kama nyuzi zinachomoka, angalia kama kuna kipande cha ubavu kimenyofoka, angalia kama uso wa mbavu unang'aa kama umepigwa rangi, kung'aa huko ni mpira uliopikwa na joto la kuteleza. Halafu ushike: ukiwa mlaini unanata au umevimba, umekunywa oili. Mkanda mzunguko wake mzima uuone, siyo kale kapande ka juu tu, kwa hiyo itabidi fundi auzungushe injini kidogo kwa spana kwenye bolti ya kranki huku wewe unaangalia.

Sasa sauti. Watu wengi wanasubiri mkanda ulie ndio waushughulikie, na tatizo ni kwamba mkanda unaweza kwisha kimya kimya na mwingine mpya kabisa ukalia. Ule mlio mrefu wa "chwiiii" asubuhi ukiwasha au ukiwasha AC kawaida ni kuteleza, labda umelegea au umelika. Ule wa "chiki chiki chiki" unaofuatana na mzunguko wa injini kawaida ni puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Kuna kipimo cha maji ambacho mafundi wazuri wanakitumia, injini ikiwa inaunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, unanyunyizia maji kidogo ya chupa kwenye upande wa mbavu, ukiwa umesimama mbali, mikono ya shati na mtandio viwe mbali kabisa na puli. Sauti ikizidi pale pale, tatizo ni kulegea na kuteleza. Ikinyamaza halafu ikarudi baada ya muda mfupi, tatizo ni puli kutokuwa sawa. Na kama ni msimu wa masika umepita kwenye dimbwi mkanda ukalia sekunde chache ukanyamaza, usiwe na wasiwasi sana, ila ikiwa ndio tabia yake kila ukipita maji hata kidogo, ukague.

Kitu ambacho naomba kiachwe kabisa ni kupaka mkanda sabuni, mshumaa, grisi au zile dawa za kupuliza. Ni kweli sauti inanyamaza. Inanyamaza siku mbili tatu, halafu vumbi linanasa kwenye ule utelezi, mpira unaharibika, na sauti ambayo ilikuwa inakusaidia kujua kuna shida umeshaifunga mdomo. Gari inayopuliziwa dawa kila wiki ni gari ambayo hakuna aliyehangaika kujua kwa nini mkanda unalia.

Maana mkanda mara nyingi unakufa kwa ajili ya kosa la mwenzake. Kuna Probox moja mtaani kwetu ya kubebea mizigo ya sokoni, ilikuwa inakula mikanda, inafungwa mpya baada ya muda mfupi inalia tena, na mwenye gari ameshaamini kabisa kwamba spea za siku hizi zote feki. Mkanda ulipotolewa kila puli ikazungushwa kwa mkono, alteneta ikazunguka kimya laini, kompresa sawa, kufika wota pampu ukiishika puli ukaitikisa ilikuwa inacheza, na chini yake kwenye kale katundu kadogo ka kuvujia kulikuwa na ukoko wa pinki uliokauka, ile pinki ya kulanti ya Toyota. Baringi ya pampu imekwisha, puli inazunguka imelala upande kidogo, na matone ya kulanti yanarukia kwenye mbavu. Hapo hata ungefunga mkanda wa dhahabu ungelia tu. Ikafungwa pampu, mkanda mpya, habari ikaisha. Kwa hiyo mkanda ukitolewa usikubali mpya ufungwe hapo hapo kwa haraka, kwanza puli zote zizungushwe kwa mkono na zitikiswe, ikikwaruza au ikicheza, hiyo ndiyo iliyoua wa kwanza. Oili nayo ndio muuaji mwingine mkubwa, inatoka kwenye gasketi ya kava la valvu au kwenye sili ya mbele ya kranki inashuka taratibu mpaka kwenye mkanda, na mpira uliokunywa oili hauoshwi ukapona, unatolewa, ila baada ya kuziba uvujaji.

Tenshena nayo tusiisahau. Injini kama 1ZZ-FE ya Spacio na Wish ina tenshena inayokaza yenyewe, 1NZ-FE inakazwa kwa mkono kwa kusogeza alteneta. Ile ya kujikaza yenyewe inachoka, ukiona mkono wake unatetemeka sana injini ikiwa sailensa, au mkanda mpya unalegea, ujue ni yenyewe. Ile ya kukaza kwa mkono shida yake ni mafundi wenye nguvu, mkanda ukilia anakaza, ukilia tena anakaza zaidi, mpaka unakuwa kama waya wa gitaa, sauti inakwisha kweli lakini baringi za alteneta na wota pampu ndio zinabeba mzigo huo na zenyewe zinafuata kufa. Kipimo cha kawaida ni ukibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu, kama kilo kumi hivi, katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili, unazama karibu milimita 10. Kitabu cha gari kina namba yake kamili, ukiwa nacho kifuate hicho.

Haya, sasa lini? Kilomita peke yake hazitoshi na hapa ndipo mazingira yetu yanapoingia. Mkanda hauhesabu kilomita, unahesabu mizunguko ya injini. Gari ya taksi ya mtandaoni inayoshinda foleni na AC imewashwa, odo inaweza kusoma kilomita 60 kwa siku wakati injini imezunguka masaa kumi. Ukiongeza vumbi la barabara za huku ndani ambalo linaingia kati ya mkanda na puli na kusaga kama msasa, na joto la boneti, namba za Ulaya zinapungua. Mkanda mzuri wa EPDM kwenye mazingira mazuri unaweza kufika kilomita 100,000 mpaka 150,000. Mimi kwa gari ya hapa ninayoijua historia yake nasema hivi, kila ukimwaga oili fundi auangalie kwa tochi, ukifika kilomita 60,000 au miaka minne ukaguzi uwe wa ukucha kama nilivyoeleza na siyo wa kuchungulia, na ukifika 80,000 au miaka mitano toa hata kama unaonekana mzima. Taksi na za mizigo mimi ningeshusha mpaka 60,000. Huo ni uamuzi wangu, kitabu cha gari kikisema mapema zaidi kifuate kitabu.

Gari iliyotoka Japan juzi ni habari nyingine. Gari ya 2009 yenye kilomita 55,000 watu wanaifurahia, na kweli inaweza kuwa imetembea hizo hizo, lakini mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki, na mkanda unaweza kuwa ni ule ule wa kiwandani. Mkanda wa nje kwa gari ndogo ni kitu cha bei ndogo, ukiifikisha tu nyumbani ubadilishe uandike tarehe na kilomita kwa kalamu nzito kwenye kipande cha plasta ubandike ndani ya boneti, hapo umeanza historia yako mwenyewe. Isipokuwa kama umenunua Aqua, au Prius za toleo la tatu lililoanza 2009, hizo hazina mkanda wa nje kabisa, wota pampu na kompresa ya AC vyote vinaenda kwa umeme, kwa hiyo fundi akikuandikia feni belti kwenye gari hiyo muombe akuonyeshe inafungwa wapi.

Ukienda dukani Kariakoo, Ilala au Kirinyaga Road Nairobi usitaje jina la gari tu, gari moja inaweza kuwa na mikanda tofauti kutegemea injini na kama ina pawa stiringi ya mafuta au ya umeme. Soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa mkanda wa zamani. Ukiona 6PK1220 maana yake una mbavu 6 na urefu wa milimita 1220, 4PK ni mbavu 4, ni hivyo tu. Usikubali kuambiwa huu wa mbavu pungufu utafaa, wala ule ulio mrefu kidogo tutaukaza, tenshena ikifika mwisho wake haina pa kukazia tena. Nyufa kwenye mkanda ambao bado uko dukani, mbavu zisizo sawa, maandishi yanayofutika kwa kidole, rudisha. Na mkanda wa mtumba kwa kweli sioni sababu yake, unanunua umri wa mtu mwingine usioujua. Land Cruiser za 1HZ alteneta yake inatumia mikanda miwili pacha ya V, hiyo inabadilishwa yote miwili pamoja, ukichanganya mpya na wa zamani mpya ndio unabeba mzigo wote.

Wakati wa kufunga piga picha jinsi mkanda ulivyopita kabla haujatolewa, kuna injini mkanda unapita mbele na nyuma ya puli na ukikosea puli moja wota pampu inazunguka kinyume. Ukishakaa pitisha kidole kila puli kuhakikisha mbavu zote zimeingia kwenye mifereji, ikibaki moja nje mkanda unaanza kuchanika siku hiyo hiyo. Mikanda ya kukaza kwa mkono inalegea kidogo ikishaanza kazi, irudie kuikagua baada ya kilomita mia chache. Na baadhi ya magari yanatumia mkanda wa kunyumbuka usio na tenshena kabisa, huo ukishatolewa haurudishwi, na haulazimishwi kwa bisibisi maana nyuzi za ndani zinakatika bila wewe kuona, una kifaa chake cha kuuvalisha.

Ikitokea mkanda wa nje umekatikia njiani, kila kitu kinategemea wota pampu yako inazungushwa na nini, na hilo ulijue ukiwa nyumbani, siyo ukiwa Gairo saa mbili usiku. Kama ni mkanda wa nje, kama 1NZ, hutembei hata kilomita moja, unavutwa au fundi anakufuata na mkanda. Ndio maana kuwa na mkanda wa akiba kwenye buti pamoja na spana zake ni jambo la maana kwa anayesafiri mikoani, hata ule wa zamani uliotoa ukiwa bado unafaa. Kama wota pampu iko kwenye taiming belti, mfano Subaru ya EJ20, maji bado yanazunguka, unaweza kujisogeza mpaka mji wa karibu kwa umeme wa betri peke yake, stiringi itakuwa nzito, zima AC, zima redio, acha kuchaji simu, jicho lisitoke kwenye temperecha, na injini usiizime mpaka ufike maana kuwasha tena betri inaweza kugoma. Ila kabla hujaondoka ng'oa mabaki yote ya mkanda uliokatika, nyuzi zote zilizojizungusha kwenye puli ya kranki zitoe kwa mkono injini ikiwa imezimwa, maana zikipenya nyuma ya kava zikafika kwenye taiming belti zinaweza kuirusha meno au kuitoa kabisa kwenye puli, na kwa EJ20 nyingi hiyo ni valvu kupinda.